Alama 189, skripti 187: kisa cha Mkuu wa Idara aliyekataa kutia saini

Kisa hiki kimesukwa kutokana na matukio ya aina moja yanayojirudia katika idara za vyuo vikuu vya umma Tanzania. Chuo, somo na wahusika hawatajwi, na hesabu zimepangwa upya ili asitambulike mtu yeyote. Kilichoachwa kama kilivyo ni mwenendo wa mambo.

## Idara na watu wake

Idara ni ya sayansi ya jamii, ina walimu 14 na watatu kati yao wako masomoni. Mkuu wa Idara ni Mhadhiri, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, yuko mwaka wa pili wa kipindi chake cha miaka mitatu. Walimu wengi huiona kazi hii kama zamu ya kubeba mzigo: posho kidogo, vikao vingi, na ukimaliza unarudi kukaa meza moja na watu uliokuwa ukiwaandikia barua. Ukiwaudhi, utaishi nao.

Mhusika wa pili ni Profesa. Ndiye aliyemfundisha Mkuu wa Idara shahada ya kwanza, akamsimamia tasnifu ya umahiri, kisha akamwandikia barua iliyomfungulia mlango wa uzamivu. Alishafikisha miaka 65, umri wa maprofesa wa vyuo vya umma kustaafu kwa lazima, na sasa anafundisha kwa mkataba wa miaka miwili. Umebakiza miezi mitano. Ili uhuishwe, pendekezo linaanzia kwa Mkuu wa Idara.

Upande wa pili, jalada la Mkuu wa Idara la kupanda kuwa Mhadhiri Mwandamizi liko njiani kwenda kwenye kamati, na Profesa ni mjumbe wa kamati hiyo. Kila mmoja ameshika kamba ya mwenzake. Hakuna aliyewahi kulitamka hilo, na hakuna asiyelijua.

Somo lenyewe ni la lazima kwa mwaka wa tatu, wanafunzi 189 wanaotarajia kuhitimu. Alama 40 zinatokana na majaribio na kazi za semina, 60 ni za mtihani wa mwisho wa muhula. Mtihani una swali la kwanza la lazima, kisha mwanafunzi anachagua mawili kati ya manne. Kila swali alama 20. Kufaulu ni jumla ya 40.

## Siku 26

Siku ya mtihani wanafunzi wawili hawakufika. Msimamizi mkuu alihesabu skripti (vijitabu vya majibu) 187, zikalingana na saini 187 za karatasi ya mahudhurio, zikafungwa katika bahasha nne na Profesa akazipokea kwa saini katika daftari la makabidhiano. Mwisho wa kurejesha alama ulikuwa siku ya 21.

Siku ya 10 walikutana kwenye korido.

"Shikamoo Profesa. Skripti zinaendaje?"

"Marahaba, binti yangu. Zinaenda."

Ufuatiliaji wa wiki mbili za kwanza ulikuwa huo tu. Siku ya 18 katibu muhtasi alituma kumbusho kwenye kundi la WhatsApp la idara: "Walimu wote mnakumbushwa kuwasilisha alama kwa wakati." Wakati huo masomo mengine yote yalikuwa yamewasilishwa. Kumbusho la watu wote lilikuwa la mtu mmoja, na kila aliyelisoma alijua ni nani.

Siku ya 22 Mkuu wa Idara alimpigia simu Amidi, yaani mkuu wa kitivo, akaomba siku tatu zaidi. Sababu aliyotoa ni wingi wa kazi. Hakuandika popote.

Siku ya 25, saa kumi na dakika arobaini alasiri, orodha ya alama ikaletwa imechapwa vizuri ndani ya bahasha. Skripti hazikuwamo. Bodi ya mitihani ya idara ilikuwa ikae kesho yake saa tatu asubuhi. Ili kuokoa muda, Mkuu wa Idara alimwagiza katibu aanze kuziingiza alama kwenye mfumo jioni ileile, kisha akaomba skripti ziletwe asubuhi mapema.

Zilifika saa moja na nusu. Akafanya jambo ambalo kwa kawaida hufanywa kijuujuu: akaweka orodha ya alama kando ya karatasi ya mahudhurio na kushusha rula mstari kwa mstari. Orodha ilikuwa na alama 189. Wanafunzi wawili ambao hawakufika mtihanini walikuwa wamepata 31 na 33.

Akachomoa skripti 20, tano kutoka kila bahasha. Jalada la kila skripti lina jedwali la kuandikia alama za swali moja moja. Yote 20 yalikuwa matupu, ila jumla imeandikwa chini. Ndani hakukuwa na wino wa msahihishaji. Skripti tatu tu zilikuwa na vema (tiki) chache kwenye ukurasa wa kwanza, kisha mkono ukakoma. Kulikuwa na skripti moja ambayo mwanafunzi amejibu swali moja peke yake, ukurasa mmoja na nusu. Hata angepata yote, asingezidi 20. Amepewa 34.

Baada ya hapo orodha nzima ikasomeka kwa jicho jingine. Alama za muhula wa darasa hilo zilitawanyika kuanzia 11 hadi 36 kati ya 40. Za mtihani zilibanana kati ya 29 na 41, na mwenye 11 ya muhula alikuwa na 29 ya mtihani. Jumla 40. Hakuna aliyefeli.

## Njia zilizokuwapo

Ilikuwa saa mbili na robo. Njia zilizokuwapo zilikuwa tano, na kila moja ilikuwa na watetezi wake ndani ya idara siku zilizofuata.

Ya kwanza ni kusaini. Wanafunzi wanahitimu kwa wakati, mzee anastahiwa, jalada la cheo linapita. Wanaoidharau njia hii hawajawahi kukaa kwenye kile kiti. Ubaya wake hauishii kwenye maadili. Mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine anayekagua mitihani, akiomba sampuli ya skripti, na kwa kawaida huomba, kitu cha kwanza kuangalia ni jalada la skripti. Saini iliyo chini ya orodha ni ya Mkuu wa Idara.

Ya pili ni kufuta mtihani na kukuza alama za muhula zifike 100. Kanuni za mitihani hazimpi Mkuu wa Idara uwezo huo.

Ya tatu ni kumrudishia Profesa skripti na kumpa wiki moja. Hii ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi kutamka, nayo ingezaa orodha nyingine ya aina ileile, safari hii ikiwa na vema ndani.

Ya nne ni kulitoa somo kwenye matokeo, kulitangaza halijakamilika, na kusahihisha upya. Ya tano ni kupeleka shauri la nidhamu siku ileile na kusubiri uchunguzi ndipo skripti ziguswe. Hapo wanafunzi 187 wangekuwa mateka wa faili la mtu mmoja.

## Maamuzi na sababu zake

Alichagua ya nne, na akaifanya kwa hatua ambazo mpangilio wake una maana.

Kwanza alikwenda ofisini kwa Profesa kabla ya bodi, peke yake. Alimweleza kwamba hatasaini, akamtajia mambo matatu: wawili wasiofika, majedwali matupu, na ile 34. Hakuuliza kwa nini. Profesa alinyamaza, kisha akasema, "Fanya unavyoona. Wewe ndiye mkubwa sasa."

Pili, kwenye bodi alitoa taarifa ya sentensi nne na kuomba iingie kwenye muhtasari kama ilivyo: waliofanya mtihani ni 187, alama zilizoletwa ni 189, skripti 20 zilizokaguliwa hazina alama za swali moja moja, somo litangazwe halijakamilika. Neno uzembe halikuwamo, udanganyifu halikuwamo. Mjumbe mmoja alitaka liongezwe "bila sababu za msingi", akakataliwa, kwa kuwa sababu hazikuwa zimeulizwa.

Tatu, mchana huohuo alimwandikia Amidi barua ya ukurasa mmoja. Alitaja kwamba Profesa yumo kwenye kamati itakayojadili cheo chake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye wa kupendekeza mkataba wa Profesa. Akaomba suala la mwenendo lishikwe na mtu mwingine, na pendekezo la mkataba liandikwe na Amidi. Yeye abaki na jambo moja: kupata alama halali. Barua hii ilikuwa uamuzi bora kuliko yote. Ilitenganisha skripti na mtu, na ikamwondolea kila mmoja kamba aliyokuwa ameshika.

## Usahihishaji upya

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba mwongozo wa usahihishaji haukuwapo. Maswali yalipopitiwa na idara kabla ya mtihani, fomu ilidai yaambatane na mwongozo. Haukuambatishwa, na Mkuu wa Idara alisaini hivyohivyo. Walimu vijana wawili waliokuwa wakiendesha semina za somo waliuandika upya kwa siku moja, wakitumia muhtasari wa kozi na maandishi ya mihadhara: kwa kila swali, hoja zinazotarajiwa, alama za kila hoja, na alama za ujenzi wa jibu.

Kama kila mtu angejibu maswali matatu, majibu yangekuwa 561. Yaliyopatikana ni 552. Walisahihisha watu watano, nao hawakugawana skripti, waligawana maswali. Swali la kwanza lilikuwa na majibu 185, likachukuliwa na wawili, 93 na 92. La pili 139, mtu mmoja. La tatu 116, mtu mmoja. La nne 81 na la tano 31, mtu mmoja, jumla 112. Anayesahihisha swali moja anashika kipimo chake kuanzia jibu la kwanza hadi la mwisho. Anayesahihisha skripti nzima hubebwa na swali alilolipenda au kulichukia mwanzoni.

Kabla ya kuanza walitoa nakala za skripti nane, wakafuta namba za wanafunzi, kila mmoja akazisahihisha zote kimyakimya. Kwenye swali la kwanza walitofautiana hadi alama 7 kati ya 20. Ugomvi ulikuwa juu ya mfano: mwanafunzi akitoa mfano sahihi bila kuitaja nadharia, anapata nusu au hapati kitu? Walikubaliana nusu, wakaandika kwenye mwongozo, wakarudia. Tofauti ikashuka hadi 2. Nusu siku iliyotumika hapo ndiyo iliyopunguza rufaa za baadaye.

Alama ziliandikwa kwenye karatasi ya pembeni kwanza. Skripti 19, moja katika kila kumi hivi, zilirudiwa na mtu wa pili asiyeona alama za wa kwanza. Hapo ndipo wino mwekundu ulipoingia ndani na jedwali la jalada likajazwa. Fedha ya ziada haikuwapo, kwa kuwa usahihishaji ni sehemu ya kazi ya mwalimu. Alichoweza kutoa Mkuu wa Idara ni chakula cha mchana na msamaha wa zamu za kusimamia mitihani ya sapu, ile ya marudio kwa waliofeli. Kazi ilikwisha siku ya sita.

## Matokeo

Wanafunzi 78 walibaki kwenye daraja lilelile, 61 walipanda, 48 walishuka. Kati ya walioshuka, 14 walipata sapu. Waliopanda hawasemwi sana kisa kama hiki kikisimuliwa, na ndio walioibiwa zaidi. Kwa mwanafunzi aliyekuwa akipigania GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.5 aingie daraja la pili la juu, au 3.8 apate kuomba kubakishwa chuoni, B ya kubahatisha mahali pa A haikuwa huruma.

Vurugu ilitoka mahali pasipotarajiwa. Alama za kwanza zilizoingizwa kwenye mfumo jioni ya siku ya 25 zilionekana kwa wanafunzi hadi asubuhi zilipofichwa. Picha za skrini zikaenea usiku uleule. Kwa hiyo wale 14 walikuja na simu mkononi: jana nimefaulu, leo nimekamata (nimepata sapu). Mkuu wa Idara alikutana na CR (kiongozi wa darasa) na wawakilishi wawili, akakiri kwamba alama zile ziliwekwa kabla ya kupitishwa, na kwamba kosa la kuziweka lilikuwa la ofisi yake. Kisha kila mmoja wa wale 14 akaitwa peke yake, akafunguliwa skripti na kuonyeshwa alama za kila swali. Wawili walikata rufaa, alama hazikubadilika.

Matokeo ya somo yalipitishwa kwenye kikao maalumu siku 11 baada ya mengine. Waliokuwa na usaili wa kazi walipewa barua ya kueleza kwamba wanasubiri somo moja.

Na Profesa? Aliyekabidhiwa suala la mwenendo alikuwa profesa mwenzake wa kitivo kingine, mtu wa rika lake. Walizungumza saa nzima. Profesa alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwa karibu mwaka mzima hakuweza kusoma mwandiko wa kalamu. Chapa kubwa alisoma. Mwandiko wa mwanafunzi aliyebakiza dakika kumi, hapana. Alipewa barua ya onyo, akaenda kufanyiwa upasuaji, na mkataba ukahuishwa kwa masharti mapya: kusimamia wanafunzi wa uzamivu na kufundisha semina, bila darasa kubwa. Alijitoa kwenye kamati ya vyeo. Yeye na Mkuu wa Idara husalimiana, lakini jambo hili hawajawahi kulizungumza.

## Uchambuzi

Watu wengi wakifika hapa hulalamika kwamba Profesa angesema tu. Lakini angemwambia nani? Mtu wa kwanza kwa utaratibu ni Mkuu wa Idara, ambaye miezi mitano baadaye ataandika kama mzee huyu bado anafaa kupewa mkataba. Kumwambia "sioni" ni kumpa sentensi ya kwanza ya pendekezo. Mfumo uliomtaka aseme ndio uliomlipa kwa kunyamaza.

Dalili zilikuwapo. Miezi iliyotangulia alimwomba katibu muhtasi amchapie barua kwa herufi kubwa. Kwenye vikao viwili alipopewa waraka ausome alisema amesahau miwani, akampa aliye jirani. Alisaini mahali kidole cha mwenzake kilipoonyesha. Kila mtu aliona kipande chake, na idara ikahitimisha kwamba mzee amechoka, kazi haitaki tena. Ucheleweshaji ukasomwa kama tabia.

Hesabu nayo haikupigwa. Majibu 552 kwa dakika sita kila moja ni saa 55. Mtu mwenye macho mazima akisahihisha saa sita kwa siku, bila kazi nyingine, anahitaji siku tisa na kitu. Profesa alikuwa na somo la pili lenye wanafunzi 96, lenye maswali ya kuchagua yaliyosahihishwa na msaidizi wake, pamoja na tasnifu tano. Idara iligawa masomo kwa idadi ya saa za mihadhara, kwa hiyo darasa la 189 na darasa la 20 yalihesabika sawa.

Lile swali la kwenye korido lilikuwa heshima, na ndilo lililoharibu. Limeulizwa kwa namna ambayo jibu lake ni moja tu. Shikamoo inapofuatwa na swali la kazi, mbele ya watu wanaopita, mkubwa hawezi kujibu "nimekwama." Kumbusho la kundi likafanya vibaya zaidi: likamwaibisha bila kumuuliza. Angekwenda ofisini siku ya 10, akakaa, akafunga mlango na kuuliza "Profesa, kuna msaada wowote unahitajika kwenye zile skripti?", huenda asingepata ukweli wote, lakini angalau bahasha mbili zingetoka mle ndani.

Hata ile ziara ya dakika kumi kabla ya bodi ina kasoro. Alikwenda na mambo matatu ya kutaja na hakuacha nafasi ya la nne. Kwa muda aliokuwa nao inaeleweka. Bodi ilikuwa ikisubiri. Ila angeweza kurudi mchana, kabla ya barua kwenda kwa Amidi.

Kuna wanaosema alimvua nguo mwalimu wake. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama angeandika zaidi ya alichokiona. Muhtasari wa sentensi nne bila kivumishi ndio uliomwachia Profesa njia ya kurudi. Kama neno udanganyifu lingeingia siku ile, upasuaji usingelifuta.

Muhula uliofuata idara ilibadili mambo mawili. Kila mwalimu, awe profesa au msaidizi, sasa huleta skripti kumi za kwanza zilizosahihishwa pamoja na mwongozo ifikapo siku ya tano. Kwa kuwa ni kwa wote, haimgusi mtu. Na fomu ya kupokelea skripti imeongezwa kisanduku: "Naomba msahihishaji msaidizi", bila mstari wa kueleza sababu. Muhula wa kwanza walikitia vema walimu wawili, wote chini ya miaka arobaini.